King'ora cha Saa Nne

Jumatatu, 24 Machi

Tangazo limebandikwa ubaoni. Ukaguzi wa mwisho ni wiki ijayo. Kila mwanachuo atafundisha watoto wa chekechea ya chuo peke yake, saa nne kasorobo hadi saa nne na nusu, na Mwalimu Schaap, mkufunzi wetu, atakuwa nyuma ya kioo. Kile kioo! Upande wetu unajiona mwenyewe, upande wake anakuona wewe. Muhula uliopita nilisimama mbele yake nikajichokonoa meno kwa raha zangu.

Hesabu ni fupi. Nikipata B, Agosti nahamia chuo kikuu cha jimbo, mwaka wa tatu moja kwa moja. Nikipata C, sihami. Na nisipohama naenda kwa shemeji Kurt, mume wa dada yangu, kulisha nguruwe. Kurt keshaninunulia mabuti ya mpira. Ameyaweka barazani kwa Mama, jina WENDELL limeandikwa kwa wino usiofutika. Kila nikitoka nyumbani inanibidi niyaruke.

Sina ubaya na nguruwe. Lakini nina miaka thelathini na moja, nimeacha ufundi umeme, nimeacha ukinyozi, na chuo hiki cha jamii, cha miaka miwili, ndicho kitu cha kwanza nilichokaribia kukimaliza. Nilichagua elimu ya awali kwa sababu niliona watu wazima wamekaa kwenye viti vidogo wakifinyanga udongo, na baada ya chakula kila mtu analala. Hakuna aliyeniambia kwamba mwalimu halali.

Jumanne, 25 Machi

Tumepiga kura ya siku za ukaguzi. Nimeangukia Alhamisi. Jumatano imeangukia kwa Tawny Brandsma.

Tawny ana miaka ishirini na anatembea na kigari chenye masanduku, kila sanduku na kibandiko chake: manyoya, vifungo, mbegu, macho ya wanasesere. Somo lake la vifaranga alileta vifaranga hai. Somo langu la vifaranga nilileta picha ya kifaranga. Watoto waliuliza mbona hakitembei.

Nikiwa kwenye foleni ya kahawa, wazo likanijia lote kwa mkupuo, mpaka nikamwagia mtu. Jumatano ijayo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi! Kila Jumatano ya kwanza, saa nne kamili asubuhi, mji mzima unajaribu king'ora cha kimbunga. Nacho kikilia, watoto wote wa chekechea hupelekwa ukumbini kusikokuwa na madirisha, wanakaa wametazama ukuta, mikono kichwani. Wakitoka hapo ni kunawa, maziwa na biskuti. Somo limekwisha.

Maana yake atakayefundisha Jumatano anahitaji somo la robo saa tu. Baadaye anawaongoza watoto kwa utulivu, na Mwalimu Schaap anaandika "utulivu wakati wa dharura". B hiyo. Labda A.

Na Tawny hajui alichoshika mkononi.

Jumatano, 26 Machi

Nimefanya kazi nzuri leo. Nilimkuta Tawny katika darasa la chekechea anabandika kitu kwa gundi ya moto. Nikamwambia anaonekana amechoka. Nikamwambia ningekuwa yeye ningetamani siku moja zaidi ya kujiandaa. Nikashika shavu, nikasema bahati mbaya daktari wangu wa meno ananitaka Alhamisi, sijui kama kuna msamaria mwema wa kubadilishana naye.

Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alisema hata nisiwaze, chukua tu Wendell, Jumatano yako. Nikaona huruma kidogo, ile ya mtu aliyeuziwa gunzi akidhani ni hindi. Ilipita.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekabidhi andalio la somo. Mada: Safari ya Mbegu ya Hindi. Robo saa ya kwanza ni ya kweli: kila mtoto anapewa kikombe, udongo, punje moja ya hindi. Tunapanda, tunaimba, tunamwagilia.

Baada ya hapo, kwa kuwa hakuna atakayefika huko, niliiachia kalamu. Niliandika kwamba watoto watapima mimea yenye urefu tofauti. Niliandika kwamba watachora kwa rangi zilizochemshwa kutokana na maganda ya mboga. Niliandika kwamba somo litafungwa kwa igizo, kila mtoto akiwa amevaa vazi la hindi lililoshonwa kwa kitambaa cha kijani na manjano, na ndevu za hindi kichwani. Nililia kidogo nilipolisoma. Ningependa kufundishwa na mtu huyo.

Mwalimu Schaap alilisoma palepale mlangoni. Ni mama wa makamo, mpole, husema polepole na miwani yake huning'inia kwa kamba shingoni. Aliivaa, akaivua, akaniambia kwa miaka yote ya kazi yake hajaona mwanachuo akishona mavazi kumi na mawili. Akasema anayangoja kwa hamu. Nikamwambia nami pia.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani. Baada ya ibada tulishuka ukumbini kwa kahawa na viazi vya jibini, na Mama akawa anapita meza kwa meza akitangaza kwamba Wendell wake Agosti anakwenda chuo kikuu. Nilimfuata nyuma nikijaribu kusema "inshallah" kwa namna ya Walutheri, yaani kwa kukohoa.

Kurt akaniuliza kama nimeyajaribu mabuti. Nikasema bado. Akasema yawahi basi, maana mpira mpya hubana vidole, na nguruwe hawamngoji mtu anayechechemea. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nilimwona anapanga upya vijiko vilivyokuwa vimeshapangwa.

Jumanne, 1 Aprili

Vikombe tayari. Udongo tayari. Punje nimechota kwenye gunia la Kurt bila kumsumbua kwa kumwomba.

Tawny ana vidole viwili vimeungua gundi. Akaniuliza mavazi yangu ya mahindi yamefikia wapi, habari zimemfika. Nikamwambia ni siri. Akaniuliza pia kama nimesikiliza utabiri wa hali ya hewa. Nikamwambia kwa watoto wadogo mimi nasikiliza moyo. Akarudi kwenye gundi yake.

Jioni tamu. Upepo wa joto kutoka kusini, nimelala madirisha wazi mwezi wa nne! Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika nikiwa nimelala chali kwa sababu ya mgongo. Nitaeleza.

Nilifika mapema nikipiga mluzi. Mbingu zilikuwa na rangi ya jeraha la juzi, kijani na zambarau, lakini mimi nilikuwa na vikombe vyangu. Mlangoni nikamkuta Carla Terpstra anamvua koti binti yake, Junie.

Junie ana miaka minne. Juni iliyopita kimbunga kiling'oa paa la ghala lao, naye alikuwa chini kwenye ngazi za handaki akisikiliza. Tangu hapo hawezi kustahimili king'ora. Hata mlio wa birika humkimbiza chini ya meza. Kwa hiyo Carla hamleti kabisa Jumatano ya kwanza ya mwezi, sote tunajua.

Nikamwambia, Carla, leo si siku yake. Akanijibu kwa furaha tu. Alisema, "Si umeona mawingu hayo? Leo hawapigi. Wakipiga na mbingu ziko hivi watu wote si watadhani ni kweli? Mpaka hali itulie." Halafu akambusu mtoto, akaondoka kwenda kazini.

Miaka thelathini na moja nimeishi chini ya king'ora hiki! Kila mtoto wa huku Iowa anajua kwamba mbingu zikichafuka jaribio huahirishwa. Nilijua. Nilijua tangu sijaota meno. Nilikuwa nimeshughulika sana na ujanja hata nikasahau kutazama juu.

Saa nne kasorobo. Kwenye kioo nilijiona mwenyewe, na nyuma ya sura yangu nikajua yuko Mwalimu Schaap na andalio langu magotini, akingoja ndevu za mahindi.

Tulipanda. Tuliimba. Tulimwagilia. Nikawaambia waimbe tena. Nikawaambia wamwagilie tena. Vikombe vikafurika, punje zikaanza kuelea. Mtoto mmoja anayeitwa Harlan akauliza sasa tunafanya nini. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kamili. Nikatega sikio. Kimya. Mji mzima kimya, hata mbwa.

Nikaweka mikono yote miwili kichwani. Sikukusudia lolote. Ndivyo afanyavyo mtu aliyeishiwa.

Watoto waliponiona hivyo, mikono kichwani saa nne ya Jumatano ya kwanza, hawakuuliza. Waliinuka wote kama wanajeshi, wakaenda ukutani, wakakaa, vichwa chini, mikono juu. Wamefundishwa vizuri mno. Junie yeye alikwenda chini ya meza, mbali kabisa, kwenye pembe, na vidole masikioni. Alikuwa analia bila sauti.

Niseme kweli, hapo niliisahau B. Nilimtisha mtoto bure. Nikaingia chini ya meza. Ni meza ya watu wa miaka minne. Kichwa kiliingia, mabega yakaingia kwa ubishi, kisha nikakwama kiunoni, miguu yangu ikabaki nje mbele ya kioo.

Nikamwambia pole, hakuna king'ora, wamekiahirisha. Akatoa kidole kimoja. Akaniuliza kwa nini basi niliweka mikono kichwani. Sikuwa na uongo wowote karibu, na nafasi ya kugeuka haikuwapo. Nikamwambia nilikuwa nakingoja. Nilikitaka. Sina kitu kingine cha kufundisha.

Junie alilifikiria hilo. Akasema hakuna mtu anayekitaka king'ora. Nikasema mimi nilikitaka, ila hata sikumbuki vizuri kinaliaje. Hapo nilimaanisha tu kumfanya aendelee kuzungumza. Akanisogelea, akaniambia sikioni, kidogo sana, "Uuuu."

Harlan akasikia kutoka ukutani, naye akatoa "uuuu" yake. Junie akachomoza kichwa akamwambia sivyo. Kinaanza chini, alisema, kinapanda, kinakaa juu, halafu kinachoka. Akawaonyesha. Wakajaribu. Akawaambia bado. Akatoka chini ya meza kabisa, akasimama katikati ya zulia, akainua mkono: mkono ukipanda sauti zinapanda, mkono ukishuka zinashuka, akiufumba ngumi, kimya. Kisha mmoja awe king'ora na wengine wakimbilie ukutani. Kisha wabadilishane. Kila mtu alitaka kuwa king'ora, na ni yeye aliyesema zamu ni ya nani.

Mimi nilitazama yote hayo kutoka chini ya meza kwa sababu sikuweza kutoka. Mara mbili nilitaka kusema kitu cha kialimu, nikakosa pumzi. Saa nne na nusu Mwalimu Schaap mwenyewe aliingia, akashika ncha moja ya meza, wakainua na msaidizi wake, nikatoka.

Hakusema neno juu ya mavazi. Alisema nije ofisini kwake Ijumaa. Kwa sauti ileile ya polepole. Nyumbani niliyakuta mabuti barazani, sikuyaruka. Nimeyatazama. Ni saizi yangu barabara.

Alhamisi, 3 Aprili

Mawingu yamepita usiku. Jua kali, mbingu safi.

Nilikuwa maegeshoni saa nne kamili, ndani ya gari, nikila sandwichi ya nyama ya nguruwe kwa uchungu, king'ora kilipolia. KILILIA! Jaribio likiahirishwa hufanywa siku ya pili hali ikitulia. Nalo hilo nalijua tangu utoto. Kililia katikati ya somo la Tawny. Siku yangu. Siku niliyopewa na kura, nikaitoa mwenyewe kwa mikono yangu na shavu nimelishika.

Tawny alinitafuta baadaye, macho mekundu. Nikajua anakuja kunicheka. Kumbe anakuja kushukuru. Alisema aliponipa Jumatano aliona haya, maana aliona utabiri wa dhoruba na watoto hupagawa mbingu zikichafuka, akanyamaza. Halafu Carla leo naye hakuwaza, akamleta Junie, na king'ora kikalia. Tawny alisema moyo wake ulisimama. Lakini Junie aliacha mbegu zake, akainua mkono juu, akakipandisha. Kikakaa juu, naye akakaa nacho, midomo inatetemeka. Akaushusha mkono. Hakikushuka. Akakigombeza, "Chini, nimesema!" Kikashuka. Watoto wote wakapiga makofi, wakaenda ukumbini kwa mstari na yeye mbele.

Tawny akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba jana nilifanya jambo kubwa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Moyoni nilikuwa nahesabu tu: robo saa ya kufundisha, kisha king'ora, kisha maziwa na biskuti. Yote kachukua yeye.

Ijumaa, 4 Aprili

B! B! B! Nahama! Nimekaa kwenye gari nikapumua mpaka vioo vikaingia ukungu.

Mwalimu Schaap alikuwa na andalio langu mezani. Akasema ataniuliza swali moja tu, mavazi yako wapi. Nikaanza kusema habari ya cherehani kuharibika. Akainua kiganja, nikanyamaza. Akasema anajua hayakuwahi kuwapo. Akasema hata ile hesabu yangu ya Jumatano ya kwanza ameijua tangu niliposhika shavu mbele ya kioo chake, kwa kuwa kila baada ya miaka michache mtu huijaribu. Alikuwa amekwisha kuandika C yangu kwa penseli saa nne na dakika moja.

Kisha akasema nilipoishiwa, nilimfuata mtoto nikamwambia kweli, halafu nikamwachia aongoze. Akasema walimu wengi huhitaji miaka kulijua hilo, kunyamaza wakati mtoto anajiponya mwenyewe. Nikataka kumweleza kwamba nilikuwa nimebanwa mbavu. Kwa bahati nilinyamaza tena. Akaifuta C, akaandika B, akanipa mkono. Akasema angenipa A kama ningekuwa na vikombe visivyofurika.

Ametumia maneno mazuri sana. Ni dhahiri amependezwa na mpango wangu. Mtu mzima hawezi kukiri hivihivi kwamba amezidiwa akili.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani tena. Mama hakutangaza chochote leo, alikaa tu na kahawa yake akitabasamu, na kila aliyepita akamwambia mmoja mmoja bila kuulizwa.

Carla Terpstra alikuja mezani kwetu. Usiku wa kuamkia jana upepo ulipiga sana, madirisha yakatetemeka. Alisema aliamka akakimbilia chumba cha Junie, kwa kuwa tangu Juni mtoto akisikia upepo hulala kitandani kwa wazazi au halali. Akamkuta kwenye kitanda chake mwenyewe, mkono mmoja juu ya blanketi, amelala fofofo. Alisema alikaa sakafuni akamtazama mpaka kukapambazuka. Akanikumbatia mbele ya watu.

Nimelia ndani ya viazi vya jibini. Nimefurahi kuliko nilivyofurahia B, na sijui niandike nini zaidi juu ya hilo.

Kurt amechukua mabuti. Amesema atayaweka stoo, jina halifutiki, na mlango uko wazi. Nadhani kwa Kurt hiyo ni hongera.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepiga simu chuo kikuu. Nimeuliza habari za malazi, maegesho, tarehe ya kuripoti. Kisha, kama mtu asiye na haja kubwa, nikauliza ni siku gani wanajaribu kengele ya moto katika chekechea yao. Mama wa watu akasema Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa tatu na nusu.

Nimeiandika Jumanne ya pili ndani ya jalada la shajara hii. Kengele ya moto iko ndani ya nyumba, haina habari na mawingu.

Tawny naye anahamia kulekule. Nimemkuta maktabani, nikashika shavu, nikamwambia huko tuendako ukaguzi ukianguka Jumanne ya pili anipe mimi, daktari wangu mpya wa meno ni mkali kwa siku nyingine zote.

Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Maskini, hajui anachokitoa.